Mizani Isiyo na Vina

Chini ya mzinga wa tatu, kando ya msonobari uliopigwa radi,
nilimfungia baba mizani:
kibao cha chuma, betri mbili nene kama vidole gumba,
antena fupi kuliko mkia wa panya.
"Inakula nini?" akauliza Zenonas,
kama mtu anayeuziwa ndama.
Haili, baba. Inalala.
Kila saa huamka mara moja, hutaja namba, hulala tena;
betri hizi zitaiona theluji ya tatu.
"Imenishinda," akasema.
"Mimi usingizi sina, na maneno pia sina."

Nikarudi Bergen, kwenye kiwanda cha samaki,
glavu hadi viwikoni, simu ndani ya aproni.
Agosti, msitu wa Dzūkija ulipotandika zambarau chini ya misonobari,
namba ilipanda kilo mbili kwa siku.
Nilipasua matumbo ya samaki
na ulimi wangu ukawa mtamu.
Nilikuwa nikitumiwa shairi la ajabu:
mizani lilikuwa nayo, vina halikuwa navyo.

Kwetu nyuki hafi.
Mbwa hufa, ng'ombe hufa, nyuki hufariki, kama mtu;
lugha huinama kidogo inapomtaja.
Ndiyo maana Oktoba, namba iliporuka, nilishika meza.
Arobaini na moja nukta mbili.
Mia moja na kumi na tisa nukta sita.
Dubu? Mwizi? Maji yameingia kwenye waya?
Saa iliyofuata: arobaini na moja nukta mbili,
kama si yeye.
Kesho yake, saa tisa alasiri kamili,
mia moja na kumi na tisa.

Nikapiga simu. Akakohoa kwanza.
"Nimekaa tu. Ukikaa pale
mvumo wao unaupata mpaka kwenye meno."
Na kwa nini saa tisa, kamili?
Baba hajawahi kunipigia simu hata siku moja.
Nikasikia kuni zikipasuka jikoni kwake.
"Si ndipo unapokula mkate wako."

Nikajifunza kutoa.
Saa nane kwangu, saa tisa kwake, mkate mkononi:
toa mzinga.
Desemba, toa kilo tatu za theluji juu ya paa lake.
Toa asali waliyokula jana, gramu ishirini na kitu.
Kilichobaki ni baba,
na baba alikuwa akipungua kuliko asali.
Sabini na tano. Sabini na mbili.
Sitini na nane nukta tisa.
"Umekonda," nikamwambia.
"Mashine yako imeshikwa na baridi."

Kesho yake: sabini na nane nukta moja.

Kilo tisa na ushei, usiku mmoja.
Hakuna supu ya hivyo duniani.
Sikusema neno. Nilikata tiketi.

Nyuma ya mlango, kwenye msumari,
koti lake la ngozi ya kondoo lilikuwa limevutwa chini
hadi mshono wa bega umeachia.
Mifukoni, mawe manane ya mto Ūla,
yameoshwa, yamefutwa, kama mayai ya kupeleka sokoni.
Yeye alikuwa kitandani,
shingo ndani ya kola kama kijiko ndani ya kikombe.
"Umekuja," akasema. "Sasa namba ataisoma nani?"

Saa tisa tukatoka. Koti la mawe aliliacha,
akavaa langu.
Mzinga haukututosha; tulibanana,
kila mmoja na nusu ya makalio hewani.
Chini yetu walivuma, wazima, gizani mwao,
na mvumo ulinipanda mpaka kwenye meno, kweli.
Simu ikatetemeka mfukoni:
mia moja na sabini na moja nukta tatu.
Sikutoa kitu.

"Inasemaje?" akauliza.
Inasema uingie ndani, baba, ukale.